Kwa nini simu ya Butimba inasikia polisi wa Marekani lakini haisikii polisi wa Mwanza

Mtu aliyekaa nyumbani Butimba, jijini Mwanza, anaweza kufungua simu yake saa mbili usiku na kumsikia askari wa mji mdogo wa Marekani akiomba gari la wagonjwa. Hapo hapo, hawezi kumsikia askari wa doria aliyepita barabara ya mtaani kwake dakika mbili zilizopita.

Wengi wakishapakua apu za skana ya polisi hudhani simu ni mbovu, au wanatakiwa kulipia ndipo "Mwanza ifunguke". Haifunguki. Sababu ni tatu: apu yenyewe, teknolojia ya redio na sheria ya nchi. Kuzijua kunaokoa bando, na kunaweza kumwepusha mtu na kesi.

Apu haina antena

Apu ya skana haikamati mawimbi ya polisi. Simu janja ina antena za mtandao wa simu, Wi-Fi na Bluetooth. Baadhi zina pia redio ya FM, ile ya megahezi 88 hadi 108 ambayo lazima uchomeke earphone ndipo isikike. Masafa ya redio za polisi hayamo humo.

Kinachofanyika ni hiki. Kule Marekani, mtu wa kujitolea ana skana halisi mezani kwake. Ameiunganisha na kompyuta, na kompyuta inarusha ile sauti kwenye intaneti. Jukwaa kubwa linalokusanya sauti hizo ni Broadcastify, na apu nyingi zinachota huko huko.

Kwa hiyo anayesikiliza Butimba anasikiliza redio ya mtandaoni tu, kama anayesikiliza stesheni ya Dar es Salaam kwa bando. Sauti ya kilobiti 16 kwa sekunde inakula kama MB 7 kwa saa, bila kuhesabu matangazo ya biashara.

Mahali ambapo hakuna mtu wa kujitolea, au sheria inakataza, apu haina cha kurusha. Apu inayodai itakuletea "polisi walio karibu nawe" ukiwa Mwanza inatafuta mtu wa kuitazamia matangazo. Na ikiomba ruhusa ya kusoma namba za watu na meseji zako, hapo anayesikilizwa ni wewe.

Skana halisi inafanyaje kazi

Redio ambazo askari na walinzi wanashika mkononi wengi wanaziita redio koli. Wazee bado wanasema simu ya upepo. Ukibonyeza unaongea, ukiachia unasikiliza, na wote walio kwenye masafa yale wanakusikia kwa pamoja.

Skana ni redio inayopokea tu, haitumi. Inaruka kutoka masafa hadi masafa kwa kasi, ikikuta mtu anaongea inasimama hapo. Akimaliza, inaendelea na safari yake.

Mazoea haya ni ya zamani. Mpigapicha Weegee wa New York aliruhusiwa mwaka 1938 kuwa na redio ya masafa ya polisi kwenye gari lake. Alikuwa anafika eneo la tukio mapema kuliko waandishi wenzake, na picha zake zikampa jina. Tangu hapo vyumba vingi vya habari Marekani vimekuwa na skana inayolia kutwa nzima.

Mwaka 2012 bei ilishuka ghafla. Wataalamu waligundua kuwa kijiti kidogo cha USB kilichotengenezwa kwa ajili ya kuangalia televisheni kwenye kompyuta kinaweza kugeuzwa redio ya kupokea masafa mengi sana. Kifaa kilichokuwa cha wachache kikawa cha mwanafunzi yeyote mwenye laptop.

Mwanza ina ugumu wake pia. Mawimbi ya redio za mkononi huenda karibu na mstari ulionyooka, na jiji hili ni la vilima na miamba. Aliye upande mmoja wa mlima wa mawe anaweza asimsikie aliye upande wa pili, hata kama ni kilomita mbili tu. Ndiyo maana mitandao ya redio duniani kote huweka vituo juu ya vilima vya kupokea sauti na kuirusha tena kwa nguvu zaidi.

Dijitali si siri

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Wakisikia redio za polisi zimekuwa za dijitali, wanadhani zimefungwa. Sivyo.

Redio ya zamani, ya analogia, inabeba sauti yenyewe juu ya wimbi. Mwenye redio ya masafa hayo anasikia maneno moja kwa moja.

Redio ya dijitali inageuza sauti kuwa namba, sifuri na moja, halafu inatuma hizo namba. Ukiipokea kwa redio ya zamani unasikia mkwaruzo tu. Lakini utaratibu wa kugeuza sauti kuwa namba haufichwi. Mifumo inayotumika zaidi, DMR, P25 na TETRA, ina vitabu vya viwango vinavyosomeka. Skana ya dijitali inaijua na inarudisha sauti kama ilivyokuwa.

Chukua mfano wa daladala. Watu wawili wanaongea Kisukuma, na pembeni yao amekaa mgeni kutoka Pwani. Mgeni haelewi kitu, lakini hakuna siri yoyote hapo, maana kondakta na nusu ya abiria wanaelewa, na mgeni akijifunza ataelewa. Hiyo ndiyo dijitali.

Sasa wale wawili wakiwa wamekubaliana nyumbani kuwa "samaki" ni pesa, "mvua" ni polisi na "harusi" ni safari, hata Msukuma wa kuzaliwa ataambulia patupu. Hapo mazungumzo yamefumbwa.

Kitaalamu jambo hilo linaitwa usimbaji fiche. Redio inachanganya zile namba kwa kutumia ufunguo, ambao nao ni namba ndefu ya siri. Redio nyingine yenye ufunguo huo inazipanga upya na sauti inatoka safi. Isiyo na ufunguo inapata takataka, hata kama imesimama hatua tatu kutoka kwa askari.

Hili si jambo la polisi peke yao. WhatsApp imefumba ujumbe wa watumiaji wake wote tangu Aprili 2016. Kila anayetuma picha ya mtoto kwa bibi yake kijijini anatumia kufuli la aina hiyo hiyo.

Fumbo lililoganguliwa

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Julai 2023 msemo huo uliwakuta watengenezaji wa redio.

Kampuni ya usalama ya Uholanzi, Midnight Blue, ilitangaza kasoro kubwa kwenye TETRA, mfumo ulioanza Ulaya miaka ya 1990 na kuenea kwa polisi, viwanja vya ndege, bandari na reli za nchi nyingi. Njia zake za kufumba zilikuwa siri ya watengenezaji kwa zaidi ya miaka 20.

Njia hizo hazikuwa sawa kwa wateja wote. TEA2 ilitengwa kwa ajili ya vyombo vya usalama vya Ulaya. TEA1 ilikuwa ya biashara na ya kuuzwa nje, pamoja na kwa wateja wasioruhusiwa kupata zile imara zaidi.

Kwenye karatasi, ufunguo wa TEA1 una biti 80. Idadi ya funguo zinazowezekana hapo ni namba yenye tarakimu 25, na hakuna mwizi wa kuzijaribu zote. Ila watafiti walikuta hatua iliyofichwa ndani inayoupunguza ufunguo hadi biti 32. Hapo zinabaki funguo kama bilioni 4.3. Kwa binadamu ni nyingi, kwa kompyuta ni kazi ya chini ya dakika moja.

Kwa lugha ya mtaani, mnunuzi aliuziwa kufuli kubwa lenye jina zuri, ndani likiwa na springi ya kufuli la sanduku la shule.

Somo kwa nchi zinazoagiza redio kutoka nje ni la moja kwa moja. Neno "zimefumbwa" kwenye nyaraka za zabuni halitoshi. Mnunuzi anatakiwa kuuliza zimefumbwa kwa njia gani, nani ameikagua, na nani anatunza funguo. Njia zinazoaminika leo, kama AES, ziko wazi kusomwa na kujaribiwa na kila mtaalamu duniani. Kinachobaki siri ni ufunguo tu.

Kwa nini polisi wanataka kujifungia

Sababu ya kwanza kila mtu anaijua. Jambazi akisikia doria inaelekea wapi, atapita njia nyingine. Mbaya zaidi, atawasubiri askari njiani.

Sababu ya pili inasahaulika. Kwenye redio ya polisi hayapiti majina ya wahalifu peke yao. Linapita jina la mtoto aliyebakwa na mtaa anaoishi. Linapita jina la mama aliyepigwa na mumewe, namba ya nyumba ya shahidi, hali ya mgonjwa aliyeokotwa barabarani. Redio ikiwa wazi, mwenye skana anajua habari hizo kabla ya ndugu wa mhusika.

Kenya inatoa mfano wa mawasiliano ya usalama yasiyoshikana. Septemba 21, 2013, magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa. Polisi na jeshi waliingia bila uratibu mzuri, na vyombo vya habari vya Kenya viliripoti kuwa ofisa wa kikosi maalumu cha GSU aliuawa kwa risasi za askari wa upande wake.

Mwaka uliofuata serikali ya Kenya iliipa Safaricom mkataba wa Sh14.9 bilioni za nchi hiyo, kujenga mfumo wa mawasiliano na kamera kwa ajili ya polisi wa Nairobi na Mombasa. Lengo lilikuwa askari, vituo na chumba cha amri vizungumze kwenye mtandao mmoja.

Tukio hilo lina onyo ndani yake. Kufuli linazuia adui, lakini pia linaweza kumzuia mwenzako. Kama polisi, zimamoto na gari la wagonjwa kila mmoja ana ufunguo wake, siku ya janga watasimama eneo moja wasisikilizane.

Nani anapoteza mlango ukifungwa

Uingereza ilimaliza mapema. Kufikia mwaka 2005 polisi wake walikuwa wamehamia mtandao wa TETRA uliofumbwa, na waandishi waliozoea kusikiliza wakaachwa nje.

Marekani inafunga sasa hivi, mji baada ya mji. Chicago ilianza kufumba mwaka 2022, na umma ukaachiwa sauti inayochelewa dakika 30. New York ilianza na Brooklyn mwaka 2023. Waandishi wamelalamika kwamba watakuwa wanasubiri taarifa ya polisi ndipo wajue kuna tukio. Na polisi wakikosea, mtu wa kwanza kusimulia atakuwa polisi huyo huyo.

Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Sauti ya redio ni kumbukumbu: nani aliita, saa ngapi, msaada ulichukua dakika ngapi kufika. Ikifungwa, lazima kuwe na njia nyingine ya kuulizia.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Tanzania haikupitia kipindi hicho cha skana mezani. Sheria imefunga mlango bila kujali kama redio imefumbwa au haijafumbwa.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kifungu cha 120, inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila mamlaka ya kisheria. Inakataza pia kuyatoa kwa watu wengine. Kama ilivyopitishwa, adhabu yake ni faini isiyopungua Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ina kosa la kunasa mawasiliano.

Redio yenyewe nayo ina masharti. Masafa ni mali ya taifa na yanagawiwa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Redio koli za bei rahisi zinazouzwa mtandaoni zinaweza kuwekwa masafa mengi kwa kubonyeza vitufe vichache. Kuweza kununua si kuruhusiwa kutumia. Kampuni ya ulinzi au mwenye ukumbi wa harusi anayezitaka anatakiwa kuanzia TCRA.

Upande wa pili wa mizani upo kwenye Katiba. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inampa mwananchi haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imeweka utaratibu: mwananchi anaomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Taarifa zinazoweza kuharibu upelelezi zina kinga.

Siku 30 zinafaa kwa anayetafuta takwimu. Kwa mzazi aliyesikia milio ya risasi karibu na shule ya mwanawe, hazifai kitu. Pengo hilo kati ya tukio na taarifa rasmi ndilo linalojazwa na sauti za WhatsApp zisizo na jina la mtu, nyingine zikidai zimetoka "ndani ya polisi". Kufuli la redio likiwa imara, Kamanda wa Polisi wa Mkoa anatakiwa awe mwepesi zaidi wa kusema kinachoweza kusemwa.

Ziwani mambo ni tofauti

Butimba iko kando ya Ghuba ya Mwanza, na huko majini sheria ya usalama imegeuzwa. Siri ni hatari.

Vyombo vya majini duniani vina masafa ya pamoja ya dharura, chaneli 16 ya VHF, megahezi 156.8. Hayafumbwi kwa makusudi. Nahodha akiita msaada, anatakiwa kusikika na kila chombo chenye redio kilicho karibu, kwa sababu atakayemuokoa ni aliye karibu, awe nani. Marubani na waongoza ndege nao huzungumza kwa sauti ya wazi kwa sababu hiyo hiyo.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walikufa na 24 wakaokoka. Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi, kwa sababu walikuwapo na waliona.

Wavuvi wengi wa Ziwa Victoria hawana VHF kwenye mitumbwi. Wana simu ya mkononi, na mtandao ukipotea katikati ya ziwa wamebaki na Mungu wao. Ndiyo maana mradi wa Tanzania na Uganda unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, wenye kituo cha kuratibu uokoaji Mwanza, una uzito kwa watu wa huku kuliko skana yoyote. Kinachotakiwa ziwani ni kusikika.

Aliye na simu afanye nini

Kwanza, apu za skana zinabaki burudani ya kusikiliza miji ya mbali. Hazitampa mtu wa Butimba habari ya Butimba. Kabla ya kuisakinisha, atazame inaomba ruhusa gani.

Pili, sauti ikiingia kwenye grupu ikidaiwa ni ya redio ya polisi, aulize imetoka wapi kabla ya kuisambaza. Kama ni ya kughushi, atakuwa amesambaza uzushi. Kama ni ya kweli, atakuwa amesambaza mawasiliano yaliyonaswa. Njia zote mbili zinaishia pabaya.

Tatu, anayependa redio kweli ana njia halali. TCRA inatoa leseni ya redio ya ridhaa, na wenye leseni hizo Tanzania hujulikana duniani kwa alama inayoanza na 5H. Huko mtu anajifunza antena, masafa na dijitali bila kuogopa kubishiwa hodi usiku.

Nne, mawasiliano na polisi yana upande ambao haujafungwa. Namba 112 ni ya polisi na 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na zote hupigwa bure. Anayepiga ataje mahali alipo kwanza, tukio baadaye, maana simu ikikatika, gari litajua pa kwenda.